Kadi Ndogo Mbele ya Mkuki

Meza ni moja kwa kila mtu. Hiyo ndiyo kanuni kubwa ya mkutano huu, na karibu ndiyo pekee. Unapewa meza ya kukunja ya futi sita, kama zile tunazokodi kwetu kwa shughuli za harusi na misiba, na juu yake unapanga unachotaka. Hakuna kabati la kioo, hakuna waamuzi, hakuna zawadi, na hakuna kuuziana. Watu wanazunguka na vikombe vya chai mkononi, wanainama, wanasoma, wanauliza.

Ni wakusanyaji wa silaha za kale. Mara moja kwa mwaka wanakodi ukumbi wa kanisa pembezoni mwa Birmingham na kukutana kutwa nzima ya Jumamosi. Mmoja analeta bastola za enzi za Napoleon, mwingine singe za Vita vya Kwanza, mwingine ana vikinga-mkono tu vya panga za Kijapani, meza nzima, bila upanga hata mmoja. Ukiwaona barabarani utadhani ni walimu wastaafu na mafundi bomba. Na kweli, wengi wao ndivyo walivyo.

Mimi si mkusanyaji. Niliingia humo kwa sababu ya mzee mmoja wa Kiunguja, mwalimu wa hesabu mstaafu, aliyekuja Uingereza kijana katika miaka ya sitini. Nilikutana naye nilipokuwa natafuta habari za Wazanzibari wanaoishi sehemu hizi. Habari ile iliisha, mazoea hayakuisha. Mwaka huu mikono yake imeanza kutetemeka, haiwezi tena kufunga nyuzi nyembamba wala kuandika kwa herufi ndogo. Akanipigia simu.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mwanangu. Wewe si mwandishi? Basi njoo uniandikie kadi."

Nilidhani ni kazi ya saa mbili. Ilichukua wikiendi tatu.

Kazi ya kwanza haikuwa kuandika. Ilikuwa kuhakikisha kwamba hatutamuua mtu. Mzee ana gobori mbili, na gobori, hata liwe na miaka mia moja na hamsini, linaweza kuwa bado limeshiba baruti. Mtu alilijaza, hakulipiga, akalitundika ukutani, akafa. Wajukuu wakalirithi vilevile. Basi kila mwaka kabla ya mkutano anafanya jambo moja la kihesabu kabisa. Anachukua mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti, anausukuma ndani ya mtutu mpaka ugote, anaweka alama kwa penseli pale mdomoni. Kisha anautoa na kuulaza nje ya mtutu, alama ikiwa palepale mdomoni. Ncha ya mdeki ikifika kwenye tundu la kuwashia, mtutu ni mtupu. Ikiishia kabla, kuna kitu ndani. Nilimuuliza kwa nini anarudia kila mwaka wakati bunduki ni zilezile na nyumba ni ileile. Akanitazama kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi wake, nadhani. "Kwa sababu mwaka jana nilipima mwaka jana."

Kazi ya pili ni chuma. Hapa mgeni ana hamu ya kusugua. Unaona upanga umepata weusi wa kahawia, mkono unakuwasha uufanye ung'ae. Mzee alinikataza mapema. "Chuma kikongwe usikioshe uso." Kutu nyekundu inayokula inaondolewa, taratibu, kwa mafuta mepesi na kitambaa. Lakini ile rangi ya uzee iliyotulia inaachwa, maana ndiyo ushahidi wa miaka. Ukishaisugua umeifuta, hairudi. Baada ya hapo unapaka nta kidogo sana na kufuta kwa pamba. Kushika ni kwa glavu, kwa sababu jasho la kiganja lina chumvi, na alama ya kidole inaweza kuota kutu. Na nyumbani, upanga hauhifadhiwi ndani ya ala yake ya ngozi. Ngozi inashika unyevu, chuma kinaoza ndani kwa ndani huku nje panapendeza. Ala kando, upanga kando, vikiwa jirani.

Kisha meza yenyewe. Kitambaa cheusi kisichong'aa, kilichofuliwa, kilichopigwa pasi. Nyuma, viguzo vya mbao alivyovichonga mwenyewe, ili vitu vya nyuma visimame juu ya vya mbele. Makali yote yanaelekea upande wetu, mipini upande wa wageni. Vinavyoweza kushikwa vinawekwa kulia, visivyoshikwa vinafungwa kwa mshipi wa kuvulia, ambao hauonekani ukiwa hatua mbili mbali. Tulianza na vitu kumi na tisa. Akaondoa vitatu, akaondoa vingine vitatu, akarudisha kimoja, akaondoa viwili. Vikabaki kumi na viwili. "Meza ikijaa," alisema, "watu wanaona wingi. Hawaoni kitu."

Ndipo tukafika kwenye kadi, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini aliita mwandishi na si fundi.

Kadi za zamani alikuwa nazo, kwa Kiingereza, alizoandika miaka mingi iliyopita kwa kufuata vitabu vya wakusanyaji. Tulizipanga mbele ya vitu vyake tukaanza kuzisoma moja moja. Ya kwanza ilikuwa ya upanga ulionyooka wa Oman, mpini wake mrefu wa mviringo, hauna kikinga-mkono. Kadi ilisema "kattara". Wakusanyaji wengi wa Kiingereza wameuita hivyo kwa muda mrefu. Lakini Waomani wenyewe huuita upanga huu ulionyooka seif, na kattara kwao ni ule uliopinda. Mzee akacheka. "Na sisi je? Kitara si upanga uliopinda?" Ndivyo. Kiswahili kilikuwa kimelihifadhi neno mahali pake muda wote, ila hakuna aliyekiuliza.

Wakusanyaji wana mkasa mwingine wa namna hii, na mzee anaupenda sana. Richard Burton, yule msafiri wa Kiingereza aliyefika Unguja mwishoni mwa 1856, alichapa kitabu kikubwa cha historia ya upanga mwaka 1884. Humo mna picha ya upanga unaoitwa wa Zanzibar, mpini wake una umbo la herufi I. Wataalamu wa baadaye walikuja kuutambua kuwa ni wa Moroko. Lakini jina lilikuwa limeshachapwa. Likanakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu, kutoka kadi hadi kadi, kwa miongo. Na Burton alikuwa mtu aliyekanyaga Unguja kwa miguu yake! Kadi ikikosewa mara moja tu, kosa linaishi kuliko mwandishi wake.

Kwa hiyo tukaamua majina yaandikwe kwa Kiswahili kwanza, maelezo ya Kiingereza yafuate chini. Na hapo nikagundua utajiri nisiokuwa nao. Bunduki ya mrao, inayowashwa kwa utambi. Gumegume, inayowashwa kwa jiwe. Bunduki ya fataki, inayowashwa kwa kile kikofia kidogo cha shaba. Marisau, zile risasi ndogondogo. Mdeki, nilioutaja juu. Maneno haya yamo kwenye kamusi za zamani, lakini kwangu mimi, mtu wa miaka thelathini na kitu mwenye shahada ya uandishi wa habari, bunduki ilikuwa bunduki tu. Babu zetu walikuwa na neno kwa kila mtambo kwa sababu kila mtambo uliwafikia.

Na uliwafikia kwa wingi. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, aliandika kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Miaka miwili baadaye, Julai 1890, mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels, uliokataza kuingiza silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Kilichoachwa wazi kilikuwa gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu na baruti ya kawaida. Yaani Mwafrika aliruhusiwa kununua teknolojia ya babu yake Mzungu, huku Mzungu mwenyewe akija na bombom. Ukijua hilo, gobori linaacha kuwa kichekesho cha watu wa nyuma. Unaona ni uamuzi uliofanyika mezani, kwa kalamu.

Gobori moja la mzee lina alama ya fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji, na herufi BPC. Ni alama ya nyumba ya kupimia mitutu ya Birmingham, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1813. Bunduki ile ilizaliwa maili chache tu kutoka ukumbi tuliokuwa tukiuandalia. Ikaenda pwani yetu, ikakaa huko sijui na nani, ikarudi. Kadi yake ya zamani ilisema "bunduki ya Kiarabu". Tukaandika: "Gobori. Limetengenezwa Birmingham. Limetumika Afrika Mashariki." Sentensi tatu fupi, na mgeni wa Birmingham akizisoma anajikuta naye yumo.

Jambia nalo lilitusumbua. Ni zuri mno. Fedha, nyuzi za fedha, ala imepinda kama mwezi mchanga. Jambia la Oman liko hadi kwenye bendera ya nchi ile, na mwaka 2022 UNESCO ililiweka katika orodha ya turathi za binadamu. Mpini wake ni wa pembe, kadi ilisema "pembe" basi. Nikauliza, pembe ya nini? Mzee akakaa kimya kidogo. "Kifaru."

Tulijua wote wawili maana yake. Mwaka 1970 vifaru weusi Afrika walikadiriwa kuwa 65,000. Katikati ya miaka ya tisini walibaki chini ya 2,500. Dawa za Asia ya Mashariki zilibeba sehemu kubwa ya lawama, lakini sehemu nyingine ilikuwa Yemen, ambako fedha za vibarua waliofanya kazi Saudia miaka ya sabini ziliwawezesha vijana wengi kununua jambia la mpini wa kifaru, jambo ambalo zamani lilikuwa la wakubwa. Yemen ilipiga marufuku kuingiza pembe hizo mwaka 1982. La mzee ni la zamani zaidi, la babu yake, na haliuzwi wala halitauzwa. Lakini je, tuandike? "Tukiandika, watu hawatauona ufundi," alisema. "Wataona mnyama aliyekufa." Nikamwambia wataona vyote viwili, Babu, na vyote viwili ni kweli. Tukaandika. Huyu mzee ni mbishi, lakini ukimpa hoja ya hesabu anakubali.

Sasa mkuki.

Nilikuwa nimeuona tangu siku ya kwanza, umeegemea ukuta nyuma ya mlango, umefungwa shuka. Mfupi, kichwa kipana, wa kuchomea na si wa kurushia. Mimi ni Mngoni wa Songea, sikuhitaji kadi kuniambia. Alipofungua shuka, kwenye mpini palikuwa na kikaratasi kimefungwa kwa uzi, kimekuwa rangi ya chai, kimeandikwa kwa wino na mkono wa Kijerumani: "Songea 1906". Aliununua mnadani Ujerumani, miaka ya themanini, pamoja na ngao iliyokwisha kuliwa na wadudu.

Kwetu Songea, tarehe 27 Februari si siku ya kawaida. Siku hiyo mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wetu wa Vita vya Majimaji, Nkosi Mputa Gama miongoni mwao. Tunawahesabu 67. Kuna kaburi la pamoja, na kuna kaburi la Nduna Songea Mbano peke yake, na ukoo wake hadi leo unatafuta fuvu lake, ambalo inaaminika lilipelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja Songea, akasimama pale makumbusho, akaomba msamaha. Vita vile, pamoja na njaa iliyoletwa makusudi kwa kuchoma mashamba na maghala, vinakadiriwa na wanahistoria kuua watu hadi 300,000. Silaha zilizokusanywa kutoka kwa walioshindwa zilisafirishwa. Nyingine ziko Berlin, katika makumbusho ya ethnolojia. Nyingine ziliingia mifukoni na masandukuni mwa maofisa, zikawa mapambo ya ukuta.

Mimi nilitaka mkuki ule ubaki ndani ya shuka. Sikutaka uwekwe mezani kati ya sahani za biskuti, mtu auinue apime uzito wake na kusema uko sawa sana. Mzee alitaka uwekwe, lakini kikaratasi kigeuzwe, na kadi iseme "Mkuki, Afrika Mashariki". Alikuwa na sababu yake. Waandaaji walikuwa wameshatuma ujumbe kwamba siasa ziachwe nyumbani. "Mwanangu, hawa ni marafiki zangu kwa miaka thelathini. Pale ni pahala pa chai, si mahakama."

Nikamjibu kwamba mahakama haihitajiki, tarehe inatosha.

Tulibishana Jumamosi nzima. Mimi kuuficha, yeye kuuonyesha bila jina. Jioni, tukila wali kwa samaki wa nazi aliopika mwenyewe, akasema jambo lililonikaa. "Ukiuficha, mimi nikifa wanangu watauuza na vitu vingine kwa mafungu. Kikaratasi kitadondoka. Halafu hautakuwa wa Songea tena. Utakuwa mkuki." Nikamwambia, basi na wewe ukikigeuza kikaratasi umefanya kazi hiyohiyo kabla hujafa. Akatafuna taratibu. Akasema, "Leta kadi."

Mimi kazi yangu imenifundisha kutosema zaidi ya ninachoweza kusimamia. Kikaratasi hakisemi nani aliushika mkuki, wala nani aliuchukua, wala kwamba ulichukuliwa vitani. Hayo yote moyo wangu ulitaka kuyaandika, na hayakuandikwa. Kadi ilisema hivi, kwa Kiswahili juu na Kiingereza chini:

"Mkuki wa Wangoni. Kikaratasi chake cha zamani, kwa mkono wa Kijerumani, kinasema Songea 1906. Mwaka huo, wakati wa Vita vya Majimaji, utawala wa Kijerumani uliwanyonga viongozi wa Wangoni mjini Songea, na silaha nyingi za Wangoni zilichukuliwa. Ulinunuliwa mnadani Ujerumani. Tafadhali usiguse."

Tuliusimamisha peke yake katikati ya kiguzo cha nyuma, kikaratasi kikiwa kinaonekana. Tukaondoa vitu vingine viwili kuupisha nafasi.

Siku yenyewe haikuwa na kishindo. Hakuna aliyekasirika, hakuna aliyelia. Mwandaaji mmoja alipita, akasoma, akasoma tena, akaenda zake bila neno. Watu wengi walisimama kwenye jambia, kama kawaida. Wachache walifika kwenye mkuki, na waliofika walishusha sauti. Bwana mmoja aliuliza bei, halafu akasoma kadi, akasema samahani. Sikumwambia mimi ni wa wapi.

Baada ya chakula cha mchana nilizunguka kuangalia meza za wengine. Mzee mmoja wa Kiingereza alikuwa na kaskara, upanga wa Sudan, mrefu, mpini wa msalaba, mzuri. Asubuhi kadi yake ilisema "Sudan, karne ya 19". Sasa chini yake palikuwa na mstari mpya kwa kalamu ya wino, herufi za kuharakisha: Omdurman, Septemba 1898, uliletwa na babu wa mama yangu, askari. Omdurman ndipo jeshi la Kitchener lilipoua watu zaidi ya 10,000 wa Khalifa katika asubuhi moja. Nikamuuliza alikuwa anajua hilo siku zote? Akasema ndiyo, nyumbani kwao walilijua siku zote. Hakuwahi kuona sababu ya kuliandika.

Basi ndilo nililojifunza kwenye meza ya futi sita. Watu wengi wanaoshika vitu vyetu wanajua zaidi ya wanachokiandika. Si lazima wawe waongo, wamezoea tu kadi fupi. Na kadi fupi ni starehe, maana inamwacha kila mtu anywe chai yake. Sisi huku nyumbani tunadai vitu virudi, na tuna haki. Lakini kabla kitu hakijarudi lazima kijulikane kilitoka wapi, na mara nyingi kinachojulisha ni kikaratasi cha inchi mbili kilichofungwa kwa uzi, na uzi huo umeshachakaa. Anayekikata, anayekigeuza, anayekitupa kwa sababu hakipendezi kwenye kitambaa cheusi, anamaliza safari ya kitu kile akiwa hata hajui.

Mzee ana umri wa miaka themanini na kitu. Ameshaniambia jambia ni la mjukuu wake wa kike, gobori la Birmingham liende Birmingham, na mkuki usiende mnadani. Barua ya kwenda Songea tumeianza. Yeye anataka iandikwe kwa mkono, kwa adabu, salamu nyingi kwanza. Mimi nataka iwe na vipimo na picha sita, kikaratasi kikiwa mbele na nyuma. Tutafanya vyote viwili.